Zumari Haikatwi Njiani

Makarani wa boma wakistaafu wanapewa saa ya mkononi na hotuba. Mimi nimestaafu nina miaka thelathini na moja, meno yote yapo, mvi hata moja sina, na nilichopewa ni msumari. Ni msumari gani, nitaeleza. Ninyi vijana mnaonigongea mlango kila Jumapili mkitaka niwafundishe zumari, someni hii kwanza. Kusimulia kwa mdomo nimechoka, na nyie mkisimuliwa mnasikiliza kama mbuzi waliopelekwa kwenye baraza la Bwana Shauri.

Nilimaliza darasa la nne, nikaonekana nimesoma vya kutosha kubeba mizigo stesheni. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Siku moja treni ya kutoka Tanga imeingia, mzee mmoja mwembamba, kanzu safi, kofia imekaa upande, akanionyesha kifurushi chake kilichotoka Pangani. Nikainama kwa nguvu zote kama mtu anayebeba gunia la kahawa, nusura nianguke kichalichali. Kifurushi kilikuwa chepesi kuliko kofia yake. Nikanusa, nikachungulia. Majani makavu.

"Shikamoo mzee. Huko Pangani mbuzi wamekwisha, mpaka majani mnatuletea sisi?"

"Marahaba. Cheka, mwana wa Kirangi," akasema. Alijua Urangi wangu kwa kunitazama tu, watu wa pwani wana macho hayo. "Hayo majani yanakula pilau kila Jumamosi. Wewe unakula nini?"

Nilikuwa nakula viazi. Nikambebea mpaka mtaani kwake, Daraja Mbili, sikurudi stesheni tena.

Huyo ndiye Mzee Faraji, mpiga zumari. Kabla yake nilidhani zumari ni ile kelele inayotangulia harusi ili mbwa watoke njiani. Chumba chake kilikuwa na kitanda, mkeka, birika, na ukuta mmoja usiokuwa na kitu isipokuwa misumari mitatu iliyopangwa sawasawa. Wa kwanza umetundikwa zumari yenye vumbi, buibui wamejenga mdomoni.

"Ile ya nani?"

"Ya marehemu Kilindi."

"Pole sana, mzee. Alikufa lini?"

"Hajafa. Anauza makaa pale darajani."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Ndipo akaniambia sheria ya kazi, na nyie mnaojiita wapigaji siku hizi hakuna hata mmoja wenu anayeijua. Harusi inatoka mlango wa bibi harusi inakwenda mlango wa bwana harusi, na katikati sauti ya zumari haikatwi. Hukohoi, humezi mate, humwitikii anayekusalimia. Sauti ikikatika njiani, watu wanasema ndoa imekatwa kabla haijaanza, na mpigaji aliyeikata anafika mlangoni kwa bwana harusi, anakwenda kutundika zumari msumarini, basi. Hapigi tena mpaka anakufa. Kilindi alikuwa mwanafunzi wake wa kwanza. Siku hiyo alikuwa na homa ya malaria, akakohoa mara moja. Kikohozi kimoja! Mzee Faraji akamwambia mbele ya watu neno moja tu: "Tundika."

"Na wewe mzee ikikukatikia?"

"Mimi," akasema, akanitazama kama niliyemtukania mama yake, "haijanikatikia miaka thelathini."

Nikamwona mjinga mwenye majivuno. Niliendelea kumwona hivyo kwa muda mrefu, na sikuwa nimekosea sana.

Sasa mnataka kujua mtu anapulizaje kutoka mlango hadi mlango bila kuvuta pumzi. Anavuta, ila kwa pua, huku mashavu yanasukuma hewa iliyobaki. Mnajifunza hivi: chukueni bua la jani la mpapai, lile lenye tundu, chovya kwenye bakuli la maji, puliza mapovu. Mapovu yasikome. Ukivuta hewa kwa pua, mapovu yaendelee. Rahisi? Mimi nilichukua miezi mitatu. Mwezi wa kwanza nilikunywa maji mengi kuliko punda. Jirani mmoja alimuuliza mzee kwa huruma kama mimi ni mgonjwa wa akili, na mzee akajibu, "Bado tunachunguza."

Aliponipa zumari yenyewe, siku ya kwanza nilipuliza akapita jogoo mwenye mguu mmoja akirukaruka kwa dharau kama askari kanzu. Nikacheka humo humo ndani ya zumari. Ikatoka sauti kali, imepanda juu, kama kuku aliyekanyagwa.

"Umesikia hiyo?" mzee akasema. "Hiyo ni sauti ya mcheko. Mcheko unapandisha. Sasa puliza mpaka pumzi ikuishie kabisa, usivute."

Nikapuliza. Mwishoni sauti ikalegea, ikashuka, ikazama, ikafa.

"Na hiyo ni sauti ya kifua kilichochoka. Inazama. Watu wa kawaida hawajui tofauti. Anayejua kazi anajua, hata akiwa amefumba macho ng'ambo ya mto."

Wekeni hilo kichwani. Litarudi.

Kuhusu vifaa, nisikie mtu anasema zumari ni kijiti chenye matundu nitamchapa. Mwili ni wa mpingo. Juu kuna kibomba cha shaba, na juu ya kibomba unafungwa ulimi, yaani vipande vya jani la mvumo, mti wa pwani wa jamii ya mnazi, vimekatwa vidogo kama ukucha na kufungwa kwa uzi. Ndiyo yale majani ya Pangani. Kati ya kibomba na ulimi kuna kisahani cha kuegemeza midomo. Wengine wanatumia kifuu. Sisi tulitumia senti kumi ya Mwingereza, kwa sababu ina tundu katikati tayari, kana kwamba serikali ilifikiria wapiga zumari. Ina taji na jina la Mfalme. Kwa hiyo kwa miaka kumi na minne nimembusu Mfalme wa Uingereza kila Jumamosi, na hakuwahi kuniandikia hata barua ya asante.

Ulimi wa mvumo umezoea joto la pwani. Leteni hapa chini ya Meru mwezi wa saba, ukungu umekaa mpaka saa nne asubuhi, muone. Unakauka, unakakamaa, unapasuka. Dawa ni kuuweka shavuni tangu alfajiri, kama mzee mwenye kidonge cha tumbaku. Unasalimia nao, unakunywa uji nao. Mimi niliwahi kuumeza mmoja, siku mbili nzima mzee akawa ananiuliza kila akiniona, "Bado hujaimba?" Mara moja nilijifanya fundi, nikakata ukindu wa kule mtoni Usa ili tusisubiri treni. Ukatoa sauti ya beberu anayekataa kuchinjwa. Watu wa bara kwa ubishi hatujambo.

Nitasema kidogo juu ya wateja wagumu, kwa sababu nyie mnadhani kazi hii ni pilau tu. Kwanza kibali. Ngoma yoyote mjini lazima kibali cha boma. Karani mmoja pale, suruali imenyooshwa mpaka inaweza kukata mkate, alikuwa anatuandikia kila mara: "Ruhusa ya kelele." Mzee akamwambia, "Bwana, hii si kelele." Karani akauliza, "Kwani ina noti za muziki?" Hajui noti ni nini, kasikia tu kwa mabwana zake. Tukaenda zetu kupiga kelele.

Kisha kulikuwa na mkulima wa Kimeru kule Makumira, Mlutheri safi, anayemwoza mwanawe. Alisikia zumari mjini akaipenda mpaka akalia. Mzee wa kanisa akasema kitu cha Waislamu hakitapita kwenye ardhi ya kanisa. Basi tukapiga tukiwa upande wa pili wa ua, ndani ya kahawa, tumejificha kama wezi. Harusi nzima walikuwa wanacheza wamegeukia mibuni. Mzee wa kanisa naye mguu wake wa kulia nilimwona mwenyewe unagonga chini. Alipoona nimemwona, akajifanya anaua siafu.

Na bibi mmoja wa Kizungu mwenye shamba alituita tuwapigie wageni wake wakinywa chai. Tulipiga nusu saa bila kukata, jasho linatoka hadi kwenye visigino. Tulipomaliza akatabasamu vizuri sana, akamuuliza mpishi wake, na mpishi akatutafsiria: "Memsabu anauliza mkishamaliza kujaribu, mtaanza lini?" Mzee Faraji alirudi mjini amenitangulia hatua kumi njia nzima. Tulipofika akasema, "Tumewapigia mawe, mwanangu. Mawe yaliyovaa kofia."

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuniita mwanangu. Nikamwambia kofia zenyewe zilikuwa mbaya.

Sasa niwaeleze nilivyostaafu.

Tulikuwa tunapiga wawili. Yeye zumari kubwa, anaongoza. Mimi ndogo, nafuata juu yake. Mwaka wangu wa kumi na tatu nikaanza kuona bega lake la kushoto linapanda kila anapovuta hewa. Zamani alikuwa akivuta kwa pua humwoni kutikisa hata kope. Sasa bega linapanda, mshipa wa shingo unasimama kama kamba ya kufulia. Kifua kimechoka. Nikamwambia nyumbani:

"Mzee, harusi za mbali tukatae."

"Nani kakuambia umechoka?"

"Nakusemea wewe."

"Mimi hunisemei. Jisemee wewe, mdomo unao."

Basi nikawa namfunika. Bega likipanda, naingia kwa nguvu kwenye ile ndogo, napiga mbwembwe na madoido yasiyohusika, watu wanashangilia wanadhani nimepandwa na shetani wa furaha, na yeye chini yangu anapata nafasi ya kuiba hewa. Harusi baada ya harusi. Akawa ananigombeza kwamba nimeharibu nyimbo kwa sifa. Nikakubali lawama. Mtu aliyemtundika Kilindi kwa kikohozi kimoja, siku ikimkatikia yeye angefanyaje? Angepita wapi Daraja Mbili hii? Hana mke, hana mtoto, shamba hana. Alikuwa na ile miaka yake tu ya kutokatika, sasa imepita arobaini, na alikuwa akiitaja kila mahali mpaka kwa kinyozi.

Harusi yenyewe ilitoka Engutoto kuja Daraja Mbili, njia ndefu. Nilimwambia tukatae, akanunua kofia mpya. Shangazi yake bibi harusi, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo, akafunga kitambaa chekundu kwenye zumari kubwa, kama desturi. Tukatoka. Ngoma za chapuo na vumi nyuma yetu, wanawake na vigelegele, tunateremka vizuri. Kuteremka si kazi. Kazi ni pale darajani, ukishavuka kuna mwinuko.

Na pale darajani ndipo Kilindi anauzia makaa. Alikuwa amesimama kando ya magunia yake, mikono nyuma, anasikiliza. Alikuwa anasikiliza kila harusi inayopita, miaka yote hiyo, kama mtu anayetazama nyumba aliyofukuzwa.

Tukaanza kupanda. Bega likapanda. Nikaingia kwa nguvu. Likapanda tena papo hapo, na mimi nilikuwa katikati ya kuvuta yangu, siko tayari. Nikasikia zumari kubwa inalegea. Ikashuka. Ikazama. Ikafa.

Vigelegele vikakatika. Wapiga ngoma, ambao kwa kawaida hawasikii hata radi, nao wakasita. Nilimtazama mzee. Alikuwa ameshika zumari mbele ya uso wake, macho yamenitazama mimi. Sijawahi kuona macho ya hivyo na sitaki tena.

Nikatoa zumari yangu mdomoni, nikaangua kicheko. Kicheko kikubwa, cha kipumbavu, nimeshika mbavu, nikamgonga na kiwiko kama ndiye niliyemvuruga.

"Nani kakata?" shangazi akapiga kelele. "Nani kakata harusi ya mwanetu?"

"Mimi, shangazi. Nisamehe. Nimecheka, nikamtibua na mzee."

"Umecheka! Mwanaizaya wewe, umecheka nini?"

Sikuwa nimefikiria nimecheka nini. Nikatupa macho, nikamwona Kilindi.

"Huyu Kilindi, shangazi. Ana masizi puani, amefanana na paka aliyeingia jikoni."

Watu wote wakageuka kumtazama Kilindi. Na hapo ndipo nilipojua nimefanya kosa kubwa. Kwa sababu Kilindi alikuwa hana masizi puani. Mtu yule ni nadhifu, anauza makaa kwa kanzu nyeupe, ndivyo alivyo, majivuno ya pwani. Na zaidi, Kilindi anajua kazi. Amesikia ile sauti ikizama. Neno moja tu lingetosha. Angesema, "Mcheko gani? Mzee wenu kaishiwa," na miaka yake yote ya makaa ingelipwa pale pale, mbele ya kadamnasi, na shangazi kama shahidi.

Kilindi akamtazama Mzee Faraji. Akanitazama mimi. Akaingiza mkono ndani ya gunia taratibu, akautoa, akajipangusa nao pua.

"Kweli," akasema. "Nina masizi. Hata mimi ningecheka."

Watu wakacheka. Mzee akaweka zumari mdomoni akaendelea, peke yake, pole pole. Mimi nikafuata nyuma mikono mitupu, shangazi ananitukana ukoo mzima mpaka walio Kondoa. Nilipompita Kilindi akaniambia chini kwa chini:

"Mcheko wako umezama sana leo, Rama."

Tulifika mlangoni kwa bwana harusi. Watu wamejaa, wanangoja. Mzee Faraji akanigeukia. Nilidhani labda atasema kitu kingine. Nilidhani labda atasema kweli, maana alikuwa mtu wa kusali. Akasema:

"Tundika."

Nikaenda nikatundika. Msumari wa pili. Huo ndio msumari wangu wa kustaafu, sasa mmeujua.

Nilimkasirikia? Nilimkasirikia sana. Sikutegemea asante, lakini ile "tundika" aliisema kwa sauti nzuri mno. Tangu siku ile hakunikaribisha chumbani tena. Nikienda kumsalimia ananipokea barazani, tunakaa, tunasema habari za mvua. Nikarudi stesheni kubeba mizigo, na vifurushi vyake vya majani vikaacha kuja. Wakija watu wa harusi anawaambia jino linamuuma. Wiki iliyofuata, mgongo. Kisha akasema hawezi kupiga bila wa pili, na wa pili ni mjinga aliyecheka njiani. Hata kuwa mgonjwa kwa heshima hakuweza, mpaka anisingizie mimi. Ikapita miezi minane hivyo hivyo, akafa usingizini, akazikwa Ijumaa.

Jumamosi mwenye nyumba akataka chumba chake. Hakuna ndugu, kwa hiyo tukaenda mimi na Kilindi kutoa vitu. Kitanda, mkeka, birika. Nikageukia ule ukuta.

Msumari wa kwanza, zumari ya Kilindi. Wa pili, yangu. Wa tatu, ile kubwa. Imetundikwa kama zetu, mdomo chini, ulimi umetolewa, na buibui wamekwisha jenga. Kitambaa chekundu cha harusi ya Engutoto bado kimefungwa. Kitambaa cha harusi kinafunguliwa siku ya pili kinarudishwa kwa wenyewe, yeye ndiye aliyenifundisha. Hakukifungua. Alifika siku ile kutoka harusini, na kofia yake mpya, akajitundika mwenyewe, akanyamaza, akanifungia mlango nisione.

"Mzee mjinga," nikasema. "Sasa mimi nilitundika cha nini?"

"Usimtukane maiti," Kilindi akasema.

"Na wewe ulijipaka masizi ya nini?"

Alishusha zumari yake msumarini, akapangusa buibui kwa kanzu yake nyeupe, akachagua ulimi mmoja kwenye kopo la mzee, akauloweka ndani ya chai yangu bila kuomba. Nikamwambia desturi hairuhusu. Akaniambia desturi tumeizika jana.

Basi zumari zote tatu ziko kwake, pale darajani, nyuma ya magunia. Nendeni kwake, msije kwangu. Bua la mpapai mchukue wenyewe. Mtu akikohoa njiani, apumue, aendelee, na shangazi atakayepiga kelele mwambieni aje aniulize mimi.

Jumamosi ile, ulimi ulipolainika, Kilindi alikaa kwenye kitanda cha mzee kisicho na godoro, akaweka midomo kwenye senti ya Mfalme, akajaza mashavu, uso mzito kama kadhi. Akanitazama kwa jicho moja. Nikaona pua yake inaanza kucheza.

Ikalia kama kuku aliyekanyagwa. Jirani akatoka nje kuuliza kuna nini.

Hiyo ndiyo sauti ya mcheko, vijana. Siku ile darajani hakuna aliyeisikia.